Mtu wa Maji

Kusema kweli, lile gari sikulipenda tangu siku ya kwanza. Hapa Nyakatuntu wananijua: mimi Yustus ni mtu wa kununa, na kitu kipya kikija kijijini mimi ndiye wa mwisho kukigusa. Lakini hata mimi nilikuwa nimechoka kuona ndizi zikiteremshwa mlimani kwa vichwa na kwa baiskeli ambazo breki zake haziishi kuungua. Kwa hiyo fundi Celestin alipokuja na wazo la kujenga reli ya miti, kutoka vibanja vyetu vya migomba vya juu hadi barabarani ambako malori huja kupakia, nilinuna kwanza, kisha nikatoa miti yangu kama wengine.

Reli yenyewe ilikuwa mikaratusi mirefu iliyolazwa sambamba juu ya magogo. Gari lilikuwa sanduku la mbao lenye magurudumu yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Injini halikuwa nayo. Ukilipakia juu na kuliachia, uzito wa ndizi ndio unaolishusha. Chini kabisa reli inapanda kidogo, basi gari linaishiwa nguvu na kusimama lenyewe, na watu wanalivuta kwa kamba kulirudisha juu. Miti mingi ilitoka kwa Novatus, jirani yangu, maana ndiye mwenye mikaratusi mizuri kuliko sisi sote.

Aliyelipenda gari kupita kiasi ni Benjamin, mtoto wa mwisho wa Novatus na Adelgunda. Dada yake Joyness anafanya kazi Uarabuni, kwenye bustani ya michezo, na kazi yake ni kuwafunga watu mikanda kwenye rolakosta, vile vigari vinavyopandishwa juu ya reli ya chuma ndefu kama mlima kisha vikaachiwa viporomoke na watu wakipiga kelele ndani yake. Watu wanalipa ili watishwe. Mimi niliona ni wazimu mtupu, lakini Benjamin alikuwa akitumiwa picha na dada yake karibu kila siku, na alichokisikia hakikukaa kifuani mwake. Tukiwa tunakamua ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, yeye anahadithia. Alituambia kwamba hata zile za chuma hazina injini, zinavutwa mara moja tu kwenda juu, halafu uzito unafanya kazi iliyobaki. Alituambia kwamba ule mlio wa ka-ka-ka unaosikika wakati wa kupanda, ambao huwatia watu hofu, ni wa kile chuma kinachozuia gari lisirudi nyuma. Yaani wanaogopa kitu kinachowalinda. Alituambia pia kwamba zamani huko Marekani kulikuwa na reli ya kuteremshia makaa ya mawe, na nyumbu, wale wa kufugwa jamii ya punda, wa kuvuta mabehewa matupu kurudi mlimani walikuwa wakiteremshwa nao ndani ya behewa. Walipoonja raha hiyo wakakataa katakata kushuka kwa miguu yao. Hiyo ya nyumbu ilinichekesha hata mimi.

Jambo jingine alilotuambia lilikuwa la watu wa maji. Alisema kwamba kabla mtu yeyote hajapanda rolakosta mpya, hutengenezwa midoli yenye umbo la mtu, inajazwa maji mpaka iwe na uzito wa mtu, inaketishwa kwenye viti na kufungwa mikanda, na inazungushwa peke yake. Ikirudi salama ndipo watu wanapanda. Akamwuliza Celestin kama sisi tumefanya hivyo. Celestin akamjibu kwamba gari limekwisha kubeba mikungu yenye uzito wa watu wawili, tena mara nyingi, na halijawahi hata kuyumba, sasa mdoli wa nini. Sote tukaona amesema la maana. Sisi ni watu wa ndizi, na kwetu kitu kilichobeba mikungu kimebeba kila kitu.

Jumatatu ya Pasaka Benjamin akaweka ubao juu ya kingo za lile sanduku, akaketi kama bwana harusi, akaachia. Alikuwa mtu wa kwanza kulipanda. Hakufika chini. Kwenye kona ya kichuguu, pale reli inapopinda, gari lilipinduka, yeye akatupwa juu ya mawe, na tulipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Mimi ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha engozi, ile machela ya kusukwa tunayowabebea wagonjwa na maiti huku kwenye milima. Nilikwenda kuileta mwenyewe. Celestin alikuja mbio, akashika mti mmoja wa engozi ili abebe pamoja nasi, na vijana wa ukoo wa Novatus wakamwondoa mkono. Hawakumpiga. Walimwondoa tu, kama unavyomwondoa mtoto kwenye moto. Babu yake Celestin alitoka Rwanda kabla mimi sijazaliwa, na sijawahi kusikia mtu akilikumbuka jambo hilo wakati gari linateremsha ndizi. Lilipoua, ghafla kila mtu akakumbuka. Nilikasirika, ila siku ya msiba si siku ya ugomvi, nikanyamaza.

Lakini Novatus hakumlaumu Celestin, na hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe.

Siku ya Pasaka, mbele ya wageni, Benjamin alikuwa amemwambia baba yake kwamba anataka kumfuata dada yake Uarabuni. Novatus alikataa. Wakajibizana, mpaka Novatus akamwambia kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kutoka kwangu, "Ukitoka hapa usirudi. Hata maiti yako wasiniletee." Ni maneno ya hasira, tumeyasema wengi wetu. Kesho yake wakamletea maiti.

Halafu akaja bibi Mukashema, ambaye siku ile alikuwa akikatia mbuzi majani karibu na kona. Alisema, na hakubadilisha neno, kwamba kabla gari halijapinduka alimwona Benjamin akinyanyua mikono yote miwili juu, kama mtu anayeaga. Maneno yakapata miguu. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona kwamba kijana aliruka mwenyewe, na kule kuruka kwake ndiko kulikopindua gari.

Huku kwetu mwenye nyumba husimama mbele ya watu akaeleza jinsi marehemu wake alivyochukuliwa. Siku ya mazishi Novatus hakuweza, mdogo wake akasema kwa niaba yake. Lakini siku ya kuanua matanga hakuna wa kukusemea. Usiposema wewe, wafiwa hawawezi kutawanyika, na ukisema, limesemwa. Wajukuu wako watalirudia hivyo hivyo. Tulipokuwa tumekaa naye kwenye moto wa matanga, Novatus aliniambia anajua atakachosema.

"Nitasema nilimuua kwa mdomo wangu, Yustus. Aliruka kwa sababu yangu."

Nilimwambia aache upuuzi. Nilimwambia kwamba macho ya Mukashema ni ya uzee. Ilikuwa kama kuongea na ukuta. Tangu mazishi alikuwa hajatia chakula kinywani, maji tu, na shati lilikuwa limeanza kumning'inia mabegani. Niliogopa. Nimezika watu wengi, na ninamjua mtu aliyeamua kumfuata marehemu wake.

Adelgunda, mkewe, naye aliona. Asubuhi moja alikuja kwangu amejifunga kanga ya msiba, akaniomba nimsindikize kwa Celestin. Alisema hataki kwenda peke yake, watu wasije wakadhani anakwenda kulaani.

Tulimkuta Celestin ameketi nyuma ya nyumba, zana zake zimefungwa kwenye gunia. Alisimama akatupa shikamoo, kisha hakujua aweke wapi mikono yake. Adelgunda hakukaa.

"Fundi, unawakumbuka wale watu wa maji?"

Alikumbuka.

"Nataka unitengenezee mmoja. Awe na uzito wa mwanangu, akae kama alivyokaa mwanangu. Umpandishe kwenye gari. Mtu wa maji hana hasira, wala hana baba wa kugombana naye. Hawezi kuruka. Akipita kwenye kona salama, basi mwanangu aliruka, nami nitalibeba. Gari likipinduka, mume wangu ajue."

Celestin akageuka kulitazama gunia la zana zake. Mimi nami nilikuwa nikizipiga hesabu zake kichwani, maana hazikuwa ngumu. Mdoli ukipita salama, yeye amepona, hakuna atakayemnyoshea kidole tena. Ukianguka, basi ni mikono yake iliyomuua mtoto wa watu, na kila mtu atakuwa ameona kwa macho. Na aliyeombwa kuutengeneza huo mdoli ni yeye mwenyewe. Angepunguza maji kidogo, angeyafunga chini chini, nani kati yetu angejua?

"Mama Joyness," akasema mwishowe, "unajua unaniomba nini?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako wewe."

Alifungua gunia la zana palepale.

Nilirudi kesho yake kumtazama akifanya kazi, na sitaficha, nilikwenda kumlinda asidanganye. Alikuwa ametengeneza mifupa kwa fito, mapaja yamekunjwa kama ya mtu aliyekaa. Miguuni alifunga vidumu vidogo vya maji. Kifuani alisimamisha dumu kubwa, na kichwa kilikuwa kibuyu kilichojazwa maji na kuzibwa kwa jani la mgomba. Uzito wa Benjamin tuliujua, maana vijana wetu wanajipima kila siku kwenye mizani ya ndizi pale barabarani. Celestin aliuning'iniza mdoli kwenye mizani hiyo hiyo, akaongeza maji, akapima tena. Kisha akalifungua lile dumu kubwa akalisogeza juu kidogo. Nikamwuliza kwa nini, mbona lilikuwa limekaa vizuri.

"Kifua chake kilikuwa hapa," akanijibu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaondoka, nikaona aibu kwa kilichokuwa kimenipeleka.

Siku moja kabla ya kuanua matanga, asubuhi, tulikusanyika juu kwenye mwanzo wa reli. Celestin alikuwa amelirudishia gari gurudumu lililovunjika, na kila mtu alikagua kwamba hakubadilisha kitu kingine. Ubao ulikuwa ule ule. Adelgunda alileta shati la Benjamin, la bluu, lile alilopenda kuvaa kanisani, akamvisha mtu wa maji na kumfunga vifungo kimoja kimoja. Alipofika kifungo cha juu aliacha wazi, kama mwanawe alivyokuwa akiacha. Wanawake wakageuza nyuso zao.

Novatus alikuja kwa sababu mkewe alimwomba. Alisimama mbali akiegemea fimbo, hatazami.

Kabla hatujaachia, Adelgunda alimpigia Joyness simu na kuweka sauti juu ili sote tusikie. Binti hakuwa ameweza kuja kuzika, na kwa siku zote hizo baba yake alikuwa amekataa kuongea naye. Mama yake alimsimulia alichokiona bibi Mukashema.

"Baba," ikasema sauti ya Joyness, "kila mtu hunyanyua mikono. Huku wote wananyanyua wakifika kwenye mteremko, watoto mpaka wazee. Ndiyo raha yenyewe. Nilimtumia picha nyingi sana za hivyo. Hakuwa anaaga, baba. Alikuwa anafurahi." Kisha akalia, na mama yake akalia, na simu ikawa inalia tu mkononi.

Novatus alikaribia. Alimtazama mtu wa maji kwa mara ya kwanza, akatazama mikono ya shati inayoning'inia. Akaokota fito mbili, akazipitisha kwenye mikono ya shati mwenyewe na kuzifunga kwa kamba ya mgomba, zikielekea juu.

"Kama ni hivyo, basi aende hivyo," akasema. Akarudi nyuma.

Celestin ndiye aliyeondoa kigingi. Gari likaanza polepole, magurudumu yakigugumia juu ya miti, kisha likashika kasi. Nilikuwa nimeliona likishuka na ndizi mara nyingi nisitikisike, maana ndizi hulala ndani ya sanduku na huzioni. Safari hii kuna mtu ameketi juu ya ubao, mikono juu, shati limejaa upepo. Mwanamke mmoja nyuma yangu akataja jina la Benjamin kwa sauti ndogo. Mimi nilijikuta ninaomba, na aibu yangu ni kwamba sikujua ninaomba nini: asianguke, au aanguke.

Kwenye kona ya kichuguu mtu wa maji akaegemea nje na ubao wake. Magurudumu ya upande wa ndani yakainuka kwenye reli, yakazunguka hewani. Gari likapinduka, likamtupa pale pale, juu ya mawe yale yale, na maji yakaruka juu.

Tuliteremka wote, Novatus akiwa mbele bila fimbo yake. Tulipofika, kibuyu kilikuwa kimepasuka, na dumu la kifuani na vidumu vya miguuni vimefanya nyufa. Shati lilikuwa limelowa chapachapa.

Celestin alisimama kando ya gari, akalitazama, akamtazama mtu wa maji. Halafu akamgeukia Novatus.

"Ni mimi, Baba Joyness. Ndizi zinalala chini, mtu anakaa juu. Nilipima uzito, sikupima mtu."

Kijana mmoja wa ukoo akapiga hatua mbele na kusema kwa hasira kwamba sasa wameona, Mnyarwanda amekiri mwenyewe. Novatus alimwangalia tu, na yule kijana akarudi kwenye nafasi yake.

"Yustus," Novatus akaniita, "lete engozi."

Nilitaka kumwambia kwamba engozi si ya kubebea midoli, kwamba chama kina taratibu zake, na kwamba mimi ndiye mwenyekiti. Nimesema mimi ni mtu wa kununa. Lakini nikapanda mlima nikaileta.

Novatus alimlaza mtu wa maji ndani yake, akaikunja ile mikono ya shati kifuani. Akashika mti wa mbele. Mimi nikashika wa nyuma, na mdogo wake akashika wa nyuma upande wa pili. Ulibaki mti mmoja wa mbele, kando ya Novatus, na vijana watatu wakajitokeza kuushika. Novatus akatikisa kichwa.

"Celestin," akasema, "miti ya reli ni yangu. Niliikata mwenyewe. Njoo ushike."

Celestin alikuja. Alitazama kwanza kama kuna atakayemwondoa mkono, na hakuna aliyemwondoa, akashika. Tukaanza kupanda. Maji yalikuwa yakivuja kutoka kwenye zile nyufa, yanapita kwenye kamba za engozi na kutulowesha mabega, na kadiri tulivyopanda ndivyo mzigo ulivyozidi kuwa mwepesi. Wawili wale wa mbele walikuwa wanalia waziwazi, kila mmoja akitazama njia yake. Tulipofika juu tulikuwa tumebeba shati, fito na madumu matupu tu. Adelgunda alilivua, akalikamua, akalianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya jikoni.

Kesho yake watu walijaa uani kuanua matanga. Bibi Mukashema aliketi mbele kabisa, na Celestin aliketi miongoni mwa wanachama wa engozi. Novatus alisimama. Bado sikuwa na hakika naye, kwa sababu mtu anaweza kuona kwa macho na moyo wake ukakataa.

"Mwanangu Benjamin," akasema, "alipanda gari letu siku ya Jumatatu ya Pasaka. Gari halikuwa limejengwa kwa ajili ya mtu, na sisi hatukujua. Nilikuwa nimemwambia maneno mabaya, na hayo nitaulizwa mimi na Mungu. Lakini hakuyabeba kwenye gari. Alikuwa amenyanyua mikono. Alikufa akiwa amefurahi."

Aliketi chini. Akakaa kidogo akitazama mikono yake, kisha akamwuliza mkewe kama kuna matoke yaliyobaki.